Dawa za Kuku na Afya ya Familia: Kijitabu kwa Kaya za Mngeta

Kuku Mngeta ni akiba ya nyumba. Mpunga ukiwa bado shambani na mtoto anadaiwa sare, anayekamatwa ni jogoo. Ndiyo maana kuku wakianza kuzubaa na mabawa kulegea, mwenye nyumba hasubiri: anakwenda duka la dawa za mifugo na kurudi na pakiti ya OTC, antibiotiki ya unga wa njano unaokorogwa kwenye dumu lililokatwa. Asiye na hela hufungua kapsuli za rangi mbili zilizobaki mtoto alipougua, akamimina unga wake kwenye maji ya kuku. Kijitabu hiki kinahusu dumu hilo, kwa sababu kilichomo hakiishii kwa kuku.

Mdondo hauponi kwa antibiotiki

Ugonjwa unaomaliza kuku vijijini ni mdondo, wengine huuita kideri. Kuku hukosa pumzi, huharisha kinyesi cha kijani, shingo hupinda, na banda zima linaweza kwisha ndani ya siku chache. Mdondo huletwa na kirusi, na hakuna antibiotiki inayoua kirusi. OTC uliyowapa haikuugusa mdondo. Imeua bakteria wa utumboni tu.

Utumbo wa kuku umejaa bakteria wasiohesabika, E. koli wakiwemo, na wengi hawamdhuru. Dawa ikiingia, walio dhaifu hufa. Wachache wanaoistahimili hubaki na nafasi na chakula tele, wakazaana. Hali ikiwa nzuri, bakteria mmoja huweza kuwa wawili kila baada ya dakika 20. Hapo ndipo unapozaliwa usugu wa vimelea dhidi ya dawa. Anayekuwa sugu si kuku wala si mwili wako, ni kimelea chenyewe. Tena hakikai na usugu wake peke yake: bakteria huweza kupeana vipande vidogo vya vinasaba viitwavyo plasmidi, hata na bakteria wa aina nyingine. E. koli asiye na madhara anaweza kumpa Salmonela silaha yake.

Dawa zenyewe ni za ukoo mmoja na zetu. OTC ni tetrasaiklini. Enrofloksasini ya kuku ni ndugu wa sipro anayoandikiwa mgonjwa. Salfa yenye trimethoprimu ya kuku ni jamii moja na Septrin. E. koli ndiye anayeongoza kusababisha UTI, maambukizi ya njia ya mkojo yanayowasumbua sana akina mama, na akishazoea dawa hizi, kidonge ulichonunua hakitamwondoa.

Usidhani jambo hili ni la wafugaji wakubwa wa mjini tu. Huko Arusha, utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulilinganisha kuku wa nyama wa bandani na kuku wa kienyeji wanaojitafutia chakula. E. koli sugu walipatikana kwa wote, ingawa kwa wa bandani walikuwa wengi zaidi. Duniani kote, mwaka 2019 pekee, inakadiriwa watu milioni 1.27 walikufa moja kwa moja kwa sababu ya bakteria waliokataa dawa.

Tone moja la jicho

Kinga ya mdondo ipo, na bei yake ni ndogo kuliko ya kuku mmoja. Chanjo ya I-2 inatengenezwa hapa nchini na Wakala ya Maabara ya Veterinari Tanzania, na huvumilia joto kuliko chanjo nyingine za mdondo, jambo la maana sana kwetu tusio na friji. Mshike kuku, mlaze ubavu, jicho likiangalia juu. Dondosha tone moja kwenye jicho moja. Usimwachie mpaka apepese na tone lizame. Rudia kila baada ya miezi mitatu, vifaranga nao wamo. Chupa moja inatosha kuku wengi na ikishafunguliwa haiwekwi, kwa hiyo changeni hela majirani na mchanje siku moja. Chanja kuku wazima. Wakishaanza kufa, chanjo imechelewa.

Yapo magonjwa ya kuku yanayohitaji antibiotiki kweli, kama homa ya matumbo ya kuku. Lakini mtu wa kusema hivyo ni afisa mifugo aliyemwona kuku, au bora zaidi aliyempasua mmoja aliyekufa. Akikuandikia dawa, toa kipimo chote kwa siku zote alizosema, hata kama kuku wamechangamka siku ya pili. Kisha soma kwenye pakiti ni siku ngapi hupaswi kula wala kuuza nyama na mayai yao. Siku hizo ni za kungoja masalia ya dawa yatoke mwilini mwa kuku, kwani huwezi kutegemea yaishe kwa kuchemsha.

Jikoni, bustanini, kisimani

Bakteria wenyewe, wawe sugu au wasiwe, hufa kwa moto. Pika kuku mpaka nyama isiwe na wekundu karibu na mfupa. Hatari iko kabla ya hapo: utumbo umepasuliwa juu ya ubao, kisu kimefutwa kwa kitambaa, kisha nyanya za kachumbari zikakatwa papo hapo. Osha kisu, ubao na mikono kwa sabuni kwanza, au katakata kachumbari kabla hujamgusa kuku. Kama kuku wanalala ndani kwa kuhofia wezi, wajengee banda lililoinuliwa, lenye kufuli, ukutani mwa nyumba, ili kinyesi chao kisikae ndani.

Mbolea ya kuku nayo hubeba bakteria hao, kwa hiyo usiimwage mbichi kwenye mchicha. Irundike pamoja na pumba za mpunga, ilowanishe, ifunike, uigeuze mara kwa mara mpaka ipoe na ipoteze harufu. Rundo liwe mwinuko, mbali na kisima. Bonde letu masika hujaa maji, na visima vifupi hupokea chochote kilichokuwa juu ya ardhi. Maji ya kunywa yachemshwe.

Mtoto akiharisha, mpe maji ya ORS na vidonge vya zinki. Mara nyingi kuhara hakuhitaji antibiotiki. Akiharisha damu, au akiwa na homa kali au mlegevu, mpeleke kituo cha afya siku hiyo hiyo. Mweleze mganga kwamba nyumbani kuna kuku, na umtajie dawa waliyopewa karibuni; kama pakiti bado ipo, nenda nayo.