PAMPU YA MAFUTA IKIKATAA: PIMENI KABLA YA KUNUNUA



Chukueni mfano huu. Lori kuukuu la kikundi limepakia ndizi kutoka Nkubu kwenda Embu. Likikaribia Chuka injini inakohoa, inazima. Dereva anasema, "Hii ni pampu tu." Mweka hazina anafungua mfuko, na akiba ya miezi mingi inaenda dukani kununua spea. Pampu mpya inafungwa, lakini lori haliwaki. Kumbe shida ilikuwa filta iliyoziba!

Katika Luka 14 tunasoma juu ya mjenzi anayekaa kwanza na kuhesabu gharama. Kupima gari ni vivyo hivyo. Kwanza jueni pampu yenu ni ya aina gani. Malori mengi ya zamani ya dizeli yana pampu inayosukumwa na injini yenyewe. Baadhi ya pikapu za petroli zina pampu ya umeme, ndani ya tangi au chini ya bodi.

PAMPU YA UMEME

1. Mmoja apige stata, mwingine asikilize karibu na tangi. Pampu nzima hutoa mlio. Ikilia na mafuta hayafiki, kagueni filta na mabomba.

2. Ikinyamaza, tazameni fyuzi. Iliyoungua ibadilishwe kwa nyingine ya nguvu ile ile. Msifunge waya wala karatasi ya sigara, gari litaungua. Fyuzi mpya ikiungua tena, huenda kuna waya unaogusana na bodi.

3. Wekeni taa ya kupimia kwenye waya unaoleta moto kwa pampu, stata ikipigwa. Taa isipowaka, msilaumu pampu bado. Rudini nyuma mkikagua rilei, swichi na waya.

4. Taa ikiwaka, safisheni waya wa ethi. Kutu mahali unaposhika chesisi inatosha kuzuia pampu. Moto ukifika, ethi ikiwa safi, na pampu bado kimya, basi pampu imekufa.

PAMPU YA INJINI (DIZELI)

1. Msiamini geji. Ingizeni kijiti safi ndani ya tangi mwone mafuta.

2. Fungueni kifuniko cha tangi. Kikivuta upepo kwa nguvu, tundu lake la hewa limeziba.

3. Legezeni skrubu ya kutoa hewa kwenye filta, kisha mpige pampu kwa mkono. Mkono ukiwa mlegevu, zungusheni injini kidogo mjaribu tena. Yakitoka mapovu, endeleeni mpaka yaishe, kazeni skrubu, halafu tafuteni kiungo kinachoingiza hewa. Pasipotoka kitu, kagueni bomba la kutoka tangi. Likiwa safi, hapo ndipo tunashuku pampu.

4. Oili ya injini ikiongezeka na kunuka dizeli, mpira wa ndani ya pampu huenda umepasuka. Msiwashe injini mpaka fundi aone.

HATARI

Usivute petroli kwa mdomo. Ikiingia mapafuni inaweza kuua. Usifunge jerikeni ya petroli juu ya injini ili "tufike nyumbani". Kabla ya kufungua bomba la petroli, toeni waya wa betri, na sigara ikae mbali. Tena, injini ikizima kwenye mteremko kama wa Nithi, breki nyingi huwa nzito baada ya kukanyagwa mara chache. Gari linalozimazima lisiteremke na watu.

Mwisho, jihadharini na dizeli ya bei ya chini iliyochanganywa na mafuta ya taa. Mafuta ya taa hayalainishi vyema, na pampu ya kusukuma kwenye noseli huchakaa. Mwaka 2018 serikali ya Kenya iliweka ushuru wa shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa ili kuzuia mchezo huo.

MASWALI YA KUJADILI

1. Filta ya gari letu ilibadilishwa lini? Nani aliandika?

2. Je, dereva wetu ana taa ya kupimia na fyuzi za akiba?

3. Kabla ya mweka hazina kutoa pesa za spea, nani athibitishe kwamba gari limepimwa?

Mungu awabariki katika kazi ya mikono yenu.