Turubai Litafungwa Wapi? Mafunzo Niliyopata Kwenye Nyumba za Mfano

Kaka yangu anafanya kazi Muscat na hana hamu ya kujenga. Ameshaona wenzake wakituma hela za saruji mwaka mzima, kisha wanarudi likizo na kukuta msingi umeota majani. Anataka nyumba iliyokwisha, ya kuingiza vitu na kulala, na mimi ndiye macho yake hapa Dar es Salaam. Ndiyo maana wikiendi zangu nyingi zimeishia Kigamboni, Bunju, Goba na Kibaha, kwenye miradi mipya ya nyumba, nikivua viatu mlangoni na kupokea maji ya chupa kutoka kwa vijana wenye fulana za kampuni. Mara nyingi nafuatana na shangazi yetu. Yeye hanunui chochote, ila hakimpiti kitu.

1. Nenda na tepu ya fundi

Chumba kimoja huko Bunju kilionekana kikubwa kwa namna ya ajabu. Shuka nyeupe, mito imepangwa kama ya hotelini, vimeza viwili huku na huku, na bado kuna nafasi ya kupita. Shangazi akaketi kitandani, akanyoosha mkono hadi ng'ambo ya pili, akasema, "Hiki si tano kwa sita." Tukapima. Upana haukuzidi futi nne, na urefu haukufika sita. Ukiweka kitanda cha sita kwa sita wanacholalia kaka na wifi, mlango wa kabati haufunguki. Kijana wa mauzo akacheka: "Hicho ni cha maonyesho tu, mama."

Nyumba hiyohiyo haikuwa na mlango wa chooni. Ulikuwa umetolewa pamoja na bawaba zake, na matundu ya skrubu yamezibwa na kupakwa rangi. Ukipitisha kidole kwenye fremu unayasikia. Choo kisicho na mlango huonekana kipana. Mlango ukirudishwa, na kama unafungukia ndani, inabidi ujibane kwenye sinki ili uweze kuufunga. Siku hizi nikiingia tu nahesabu milango kwanza. Halafu naomba taa zote zizimwe na mapazia yafunguliwe, maana taa zinazowaka saa saba mchana zina sababu.

2. Fungua bomba

Nyumba nyingi za mfano hazijaunganishwa maji. Utakuta bomba linalong'aa halitoi kitu, na choo kimefungwa utepe usikikalie. Omba uonyeshwe maji yanakotoka: ni bomba la DAWASA, au kisima cha mradi? Kama ni kisima, yaonje. Sehemu nyingi za ukanda wa pwani maji ya kisima yana chumvi, na chumvi hiyo utaiona miezi michache baadaye kwenye birika, kwenye bomba la bafuni na kwenye nguo nyeupe. Upande wa Kigamboni wauzaji hupenda kutaja visima virefu vya Kimbiji. Visima vipo kweli, lakini swali ni kama bomba lake limefika kwenye geti la mradi huo.

Umeme nao vilevile. Uliza kama kila nyumba ina LUKU yake, au kuna mita moja ya mradi na ninyi mnagawana bili. Ukisikia jenereta linanguruma nyuma ya ukuta, umeshajibiwa.

3. Msiba ukitokea

Shangazi ana swali analouliza kila tunapokwenda, tena kwa sauti, mbele ya wateja wengine: "Msiba ukitokea hapa, turubai litafungwa wapi?"

Vijana wa mauzo hawana jibu la swali hilo kwenye vipeperushi vyao. Mmoja alijaribu kumwambia kuna ukumbi wa jumuiya. Shangazi akataka kujua unakodishwa kwa saa au kwa siku, na kama waombolezaji watatakiwa kuondoka mlinzi akifunga geti saa nne usiku. Yule kijana akaomba udhuru akapokee simu.

Watu walicheka, lakini mimi naona hilo ndilo swali zito kuliko yote. Wengi wetu tumekulia kwenye nyumba zilizojengwa kidogo kidogo: leo msingi, mwakani lenta, kupaua mpaka hela ipatikane. Nyumba za namna hiyo zina kasoro tele, lakini zina uwanja. Uwanjani ndiko linakofungwa turubai la msiba, ndiko inakopikwa pilau ya harusi, ndiko wageni wa kutoka mkoani wanakolala kwenye mikeka joto likizidi. Nyumba ya mfano imechorwa kwa ajili ya baba, mama na watoto wawili wasiotembelewa na mtu.

Jiko nalo linasema mengi. Jiko lililo wazi hadi sebuleni linapendeza sana, mpaka siku utakapokaanga samaki. Mtungi wa gesi utakaa ndani au nje? Mkaa umeme ukikatika na gesi ikiisha utawashiwa wapi? Na nguo? Kwenye ghorofa moja la Goba tuliambiwa hairuhusiwi kuanika barazani kwa sababu inaharibu sura ya jengo. Shangazi alitazama juu, akatazama chini, akauliza kama wanaokaa humo hawafui.

Masharti kama hayo hayatoki hewani. Tangu ilipotungwa sheria ya umiliki wa sehemu za majengo mwaka 2008, mtu anaweza kumiliki fleti moja ndani ya jengo kwa hati yake, lakini ngazi, paa, maegesho na uwanja vinabaki vya wote na vinaendeshwa kwa kanuni za pamoja. Omba kanuni hizo uzisome kabla hujasifia marumaru.

4. Nenda masika, tena asubuhi

Jumapili alasiri ya Agosti kila mradi unapendeza. Mwezi Aprili utaona maji yanapita wapi, gari dogo linakwama wapi, na ukuta upi una mstari wa tope. Ndani, sogeza pazia na uchungulie nyuma ya kochi. Ukungu huanzia kwenye kona ambazo wageni hawafiki, na rangi inayotoa unga mweupe karibu na sakafu ni dalili kwamba unyevu unapanda kutoka chini.

Kwa Kigamboni, jaribu kuvuka kwenda mjini saa kumi na mbili na nusu asubuhi siku ya kazi. Daraja la Nyerere lilifunguliwa mwaka 2016 na limerahisisha mengi, lakini lina tozo, na kivukoni foleni ina tabia zake. "Dakika ishirini tu hadi Posta" ni maneno ya kwenye kipeperushi.

Ukiwa hapo mapema, msalimie mlinzi wa usiku kabla hajatoka zamu. Mzee mmoja, baada ya shikamoo na habari za watoto, alituambia kwamba nyumba za mstari wa nyuma hazipati maji kuanzia Alhamisi. Ofisini hakuna aliyetuambia hilo.

5. Bei iliyo bangoni ni mwanzo wa mazungumzo

Bango linasema milioni 120. Uliza kama VAT imo. Kama haimo, asilimia 18 ni milioni 21.6, na nyumba imeshakuwa ya milioni 141.6. Bado ushuru wa stempu, wakili, na ada ya kila mwezi ya ulinzi, taka na usafi.

Kwa mkopo, piga hesabu mwenyewe. Ukilipa asilimia 20 ya ile milioni 120 na kukopa milioni 96 kwa riba ya asilimia 15 kwa miaka 15, rejesho ni takriban milioni 1.34 kwa mwezi, na mpaka unamaliza utakuwa umeilipa benki zaidi ya milioni 241. Kaka aliposikia hesabu hiyo kwenye simu alinyamaza, kisha akauliza bei ya viwanja Mkuranga.

6. Hati iko wapi?

Ardhi ya Tanzania ni ya umma chini ya Rais kama mdhamini, na mwenye hati ana haki ya kuikalia kwa muda maalum: miaka 33, 66 au 99. Uliza imebaki mingapi. Uliza pia kama kila nyumba itakuwa na hati yake au bado kuna hati moja ya kiwanja kizima, na kama hati hiyo imewekwa rehani benki kupata fedha za kujengea. Hili la mwisho usiridhike na jibu la mdomo; wakili wako afanye upekuzi kwa Msajili wa Hati. Kwa gharama ya upekuzi ukilinganisha na bei ya nyumba, sioni hoja ya kuuruka.

7. Kishika nafasi kisikukimbize

Kampuni moja iliahidi kutupunguzia bei kama tungelipa kishika nafasi kabla ya saa kumi jioni siku hiyohiyo. Mwezi uliofuata bango la punguzo lilikuwa palepale. Tukaomba rasimu ya mkataba, na humo tukakuta kwamba mjenzi anaweza kutumia "vifaa vyenye ubora unaolingana" na vile vya nyumba ya mfano. Unaolingana kwa kipimo cha nani, hapakuandikwa.

Kaka akanituma nirudi na simu nipige picha kila kitu: kabati za jikoni, grili, kitasa, vigae vya bafuni, kiyoyozi. Tukatengeneza orodha na kuomba iwe kiambatisho cha mkataba, igongwe muhuri. Kampuni mbili zilikataa kwa upole. Ile ya Kibaha ilikubali, ikaongeza na ukubwa wa tangi la maji ambao sisi tuliusahau, na sasa wakili anasubiri majibu ya upekuzi wa hati yao.