Presha: Neno la Fizikia katika Kinywa cha Mgonjwa

Katika fizikia, presha, au shinikizo, ni kiasi cha nguvu inayokandamiza kila sehemu ya eneo fulani. Katika karne ya 17 Evangelista Torricelli wa Italia alitumia mrija wa zebaki kuonyesha kwamba hata hewa ina shinikizo. Zebaki hiyo iliingia pia katika tiba. Mwaka 1896 Scipione Riva-Rocci, daktari wa Italia, alieleza kipimo chenye mkanda wa kufungwa mkononi, na hadi leo shinikizo la damu huandikwa kwa milimita za zebaki.

Neno presha halikubaki maabara wala hospitalini. Fundi hupima presha ya tairi. Mfanyakazi anayeharakishwa husema, "Usinipe presha". Shabiki hulalamika kwamba mechi imempa presha. Hapo neno limebeba maana ya wasiwasi, haraka au kubanwa na mambo. Upanuzi huo wa maana ni jambo la kawaida katika lugha, lakini katika chumba cha daktari unaweza kuleta madhara.

Mgonjwa anayeambiwa "una presha" huweza kuelewa kwamba ana mawazo mengi. Moyo wake ukitulia, hudhani amepona na kuacha dawa. Mwingine, mapigo ya moyo yakimwenda mbio kwa hofu, husema presha imepanda na kumeza kidonge cha jirani bila kupimwa.

Ni kweli kwamba hofu na hasira hupandisha shinikizo la damu kwa muda. Hata hivyo, ugonjwa wenyewe kwa kawaida hauna dalili. Mtu mtulivu anaweza kuwa nao kwa miaka, huku ukidhuru moyo, ubongo, figo na macho. Hutambuliwa kwa kipimo, hasa vipimo vinapofikia 140/90 au zaidi katika siku tofauti.

Kwa hiyo, mhudumu wa afya anapomsikia mgonjwa akitaja presha, inafaa kwanza amuulize anamaanisha nini, kisha ampime, amwonyeshe namba na kumweleza maana yake. Mgonjwa naye ana haki ya kuzijua namba zake, na asiache dawa kwa sababu tu anajisikia vizuri. Utulivu wa moyo ni neema, lakini hauchukui nafasi ya kipimo.