Somo la Mwezi: Tumwulize Mwenyewe

Wapendwa, baada ya ibada, wakati wa chai, tumezoea kumwuliza mama, "Huyu mwanao anywa chai au uji?" Naye mwana, mtu mzima wa miaka 34 mwenye ulemavu wa akili, amesimama papo hapo. Bwana wetu hakufanya hivyo kule Yeriko. Upofu wa Bartimayo ulionekana na wote, walakini alimwuliza yeye mwenyewe anataka afanyiwe nini (Marko 10).

Nyumbani kwetu nasi tulikosa hivyo kwa miaka mingi. Mama ndiye aliyemwamulia ndugu yetu nguo, chakula na saa ya kulala. Mama alipolazwa hospitali majuma matatu, ndugu yetu akapelekwa kwa shangazi, akakonda sana. Kila jioni alipewa maziwa ya mgando, ambayo hayapendi, wala hakujua kwamba mtu aweza kuomba kingine. Ndipo tuliposhtuka: mama akifa itakuwaje?

Tukaanza na vitu viwili, si kwa maneno matupu bali vyenyewe mkononi: shati jeupe na shati la buluu. Tuliona kwamba aliyezoea kuamuliwa hujibu "ndiyo" kwa kila swali ili ampendeze mwulizaji, au hurudia neno alilolisikia mwisho. Basi yafaa kubadili mikono na kuuliza tena. Kisha kungoja. Hapo ndipo penye kazi, kwa maana sisi wenye haraka twajibu kabla yake! Na akishachagua apewe hicho hicho. Tukimpa kingine, tumemfundisha kwamba kuchagua ni bure. Akitaka shati la mikono mifupi siku ya baridi, alivae, nasi tuchukue sweta.

Haya si hisani tu. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 2006, ambao Kenya iliuridhia 2008 na Tanzania 2009, wasema katika kifungu cha 12 kwamba mtu mwenye ulemavu ana uwezo sawa na wengine mbele ya sheria, na apewe msaada anaouhitaji ili autumie.

Mambo ya dawa na akiba bado twakaa naye pamoja. Sokoni huenda na fedha yake. Juma lililopita tulimtuma nyanya, akarudi na maembe. Tulikula ugali kwa maembe, na mama akaomba aongezwe.