Dondoo muhimu: Kuzuia kichefuchefu cha upasuaji bila sindano

Anayesubiri upasuaji Mbeya au Iringa anaweza kujisaidia kwa kidole gumba, kwa kubonyeza sehemu ya mkono ambayo tiba ya Kichina huiita Neiguan. Mapitio ya Cochrane ya mwaka 2015, yaliyojumuisha tafiti 59 na washiriki 7,667, yalionyesha kuwa kuichochea, kwa sindano au bila sindano, hupunguza kichefuchefu na kutapika.

1. Sema mapema kama hutapika safarini. Anayechafukwa na kona za Mlima Kitonga yumo hatarini zaidi hata baada ya upasuaji, na mtaalamu wa usingizi anahitaji kulijua hilo.

2. Pima kwa vidole vitatu vya mgonjwa, si vya nesi wala ndugu, kutoka mkunjo wa kifundo cha mkono, upande wa kiganja, kuelekea kiwiko. Bonyeza katikati ya kano mbili. Wengi hukosea kwa kubonyeza mkunjo wenyewe.

3. Anza kabla ya dawa ya usingizi, kwa dakika mbili tatu kila mkono.

4. Usiguse mkono wenye dripu, kidonda au uvimbe.

5. Ukivaa ukanda maalumu wenye kifungo, ulegeze vidole vikianza kufa ganzi.

6. Usikatae dawa ya kuzuia kutapika. Hii ni nyongeza tu.

7. Usinywe chai ya tangawizi ili kutuliza kichefuchefu ukiwa umeambiwa ufunge.

8. Mama anayejifungua kwa upasuaji kwa ganzi ya mgongo, akichafukwa ghafla mezani, aseme palepale: huenda presha imeshuka.