Fulana Chache za Kuchapisha: Idhinisha Kabla Mashine Haijawashwa

Tuchukulie kwamba familia imeagiza fulana sita zenye picha ya mama yao marehemu, jina lake, na miaka ya kuzaliwa na kufariki, zivaliwe siku ya arobaini yake. Fulana zinafika jioni ya kuamkia siku hiyo, na mwaka wa kufariki umekosewa. Haziwezi kuuzwa kwa mtu mwingine, na shughuli haiahirishwi. Nani atabeba hasara? Jibu hutegemea yale yaliyoandikwa na kuidhinishwa kabla ya kazi kuanza. Hilo ndilo somo letu.

Kwa nini fulana chache huwa ghali

Katika uchapaji wa skrini, kila rangi huandaliwa fremu yake. Gharama ya fremu ni ileile, uchapishe fulana 5 au 100. Kwa mfano wa hesabu tu, fremu ikigharimu shilingi 30,000, kila fulana kati ya 100 hubeba shilingi 300; zikiwa 5, kila moja hubeba shilingi 6,000. Rangi zikiwa mbili, mzigo huo huongezeka maradufu. Kwa hiyo bei ya juu kwa agizo dogo si lazima iwe ulanguzi. Muulize mchapaji anatumia njia gani.

Chagua njia inayofaa

Kwa fulana chache, njia ya kuhamisha picha kwa joto hufaa zaidi. Picha huandaliwa kwenye vinili au filamu, kisha hugandamizwa kwenye kitambaa kwa mashine ya joto, bila fremu. Udhaifu wake ni kwamba picha iliyogandamizwa vibaya hubanduka au hupasuka mapema.

Ipo pia njia ya wino unaogeuka mvuke na kuingia ndani ya nyuzi. Hiyo hufaa kitambaa cha poliesta cha rangi nyeupe au hafifu. Ukiahidiwa kufanyiwa hivyo kwenye fulana nyeusi ya pamba, tahadhari.

Andika, kagua, idhinisha

1. Andika mwenyewe maneno yote yatakayochapwa na uyatume kwa ujumbe. Usiyasome kwa simu.
2. Taja aina ya kitambaa, saizi za fulana, rangi, ukubwa wa picha na mahali itakapokaa.
3. Omba mchoro wa mwisho. Msomee mtu mwingine kwa sauti, jina kwa jina na tarakimu kwa tarakimu, ndipo uidhinishe.
4. Omba fulana moja itangulie. Rangi za kwenye kioo cha simu hazifanani daima na za kwenye kitambaa.
5. Panga kukabidhiwa siku kadhaa kabla ya shughuli, ili kosa likijitokeza lipate muda wa kurekebishwa.
6. Lipa sehemu kwanza, na salio baada ya kukagua kila fulana. Dai risiti kwa malipo yote mawili.

Haki yako

Nchini Tanzania, Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 214, inataka bidhaa iliyouzwa kwa maelezo ilingane na maelezo hayo, na iliyouzwa kwa sampuli ilingane na sampuli. Kama uliidhinisha mwaka sahihi na ukachapwa mwingine, unaweza kuzikataa fulana na kudai fedha zako, au mkubaliane zichapwe upya. Ukishazipokea na kuzivaa, haki ya kuzikataa hudhoofika. Kwa kawaida hubaki dai la fidia. Lakini ikiwa kosa lilikuwamo katika mchoro ulioidhinisha, mchapaji ametimiza agizo, na hasara ni yako.

Mkishindwa kuelewana, hifadhi ujumbe, mchoro, risiti na fulana yenyewe. Malalamiko ya walaji hupokelewa na Tume ya Ushindani, iliyoundwa chini ya Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003.

Maswali ya kujipima

1. Katika mfano wa familia ile, ni ushahidi gani ungeonyesha kosa ni la nani?
2. Kwa nini fulana 5 za rangi tatu hazifai kuchapwa kwa skrini?
3. Kwa nini salio lilipwe baada ya ukaguzi, wala si kabla?