Wi-Fi Imejaa, Malipo Hayaendi: Jinsi Simu Yako Inavyochagua Njia

Tuseme uko Waa, kwenye duka la kando ya barabara ya Likoni–Ukunda. Mzee mmoja amechukua unga, mafuta na sabuni, jumla sh 850. Simu yake imeshika Wi-Fi ya mtaani, ile ya kununua kwa saa. Anafungua programu ya malipo, anaandika nambari ya till, anaweka PIN, anabonyeza. Kiduara kinazunguka.

"Mzee, kwangu bado haijaingia."

"Na huku yazunguka tu, mwanangu. Ngoja nijaribu tena."

Hapo ndipo pa kusimama kwanza. Kwenye akaunti mzee ana sh 2,000. Ikikatwa mara mbili zinatoka 1,700, na kesho ana safari ya hospitali Msambweni. Pesa iliyozidi hufuatiliwa na kurudishwa, ndio, lakini si kwa muda wa kusubiri matatu. Kwa hivyo leo tuingie ndani ya simu yenyewe tuone pakiti za malipo zinavyopewa njia, na ni wapi zinapokwama hata kama alama za Wi-Fi zimejaa hadi juu.

Mwelekezi wa stegi

Programu ya malipo haigusi antena ya simu. Kila kitu inachotaka kutuma inakikabidhi kwa kerneli, yaani kiini cha mfumo endeshi. Kwenye simu za Android kerneli hiyo ni Linux, iliyoanzishwa na Linus Torvalds mwaka 1991 akiwa mwanafunzi Helsinki. Ujumbe wako hukatwa vipande vidogo vinavyoitwa pakiti, na kila pakiti ina anwani ya inakokwenda. Kerneli inasoma anwani hiyo, inaangalia jedwali la njia, halafu inaisukuma pakiti nje kupitia mlango mmoja: Wi-Fi au data ya simu.

Mfikirie kijana anayeelekeza abiria stegi ya Waa. Hakusindikizi hadi mwisho wa safari. Anakuuliza unakwenda wapi, anakuonyesha simama upande huu au vuka ule, basi. Kichwani ana orodha fupi:

Kwenda Kwale kaunti, popote: panda gari za kuelekea Ukunda.
Kwenda Ng'ombeni: panda za kuelekea Likoni.
Kwingine kote: panda za kuelekea Likoni.

Ng'ombeni iko ndani ya Kwale kaunti, kwa hivyo mistari miwili inamhusu abiria wa Ng'ombeni. Kijana hababaiki, anafuata ule uliotaja mahali kwa karibu zaidi. Kerneli nayo hufanya hivyo hivyo: mistari ikigongana, unaoshinda ni ule wenye anwani iliyobainishwa zaidi. Mstari wa mwisho, "kwingine kote", ndio njia ya kawaida, na karibu kila malipo unayofanya hupitia mstari huo, kwa sababu seva ya malipo haiko nyumbani kwako wala dukani.

Simu ikiwa kwenye Wi-Fi, jedwali lake hufanana na hivi:

192.168.1.0/24 — moja kwa moja, mlango wlan0
0.0.0.0/0 — kupitia 192.168.1.1, mlango wlan0

Hiyo 192.168.1.1 ni rauta. Ile /24 maana yake ni kwamba biti 24 za mwanzo za anwani, kati ya biti 32, lazima zilingane; zinabaki anwani 256, yaani simu na kompyuta zilizo kwenye Wi-Fi hiyo hiyo. /0 haidai biti yoyote ilingane, kwa hivyo inakubali kila kitu. Pakiti ya kwenda seva ya malipo, tuseme 203.0.113.10, haiingii kwenye mstari wa kwanza. Inaangukia wa pili, inapelekwa kwa rauta, na kazi ya kerneli inaishia hapo.

Orodha ya simu ni fupi hivi kwamba ungeweza kuiandika kiganjani. Lakini rauta kubwa za intaneti duniani hubeba mistari zaidi ya laki tisa ya IPv4, na kusoma mmoja mmoja kungekuwa kichekesho. Ndiyo maana Linux hupanga mistari kwa mfano wa mti: unafuata biti za anwani tawi kwa tawi hadi ufike kwenye jibu. Kerneli ya simu yako hutumia mti huo huo, ingawa mingine huwa na majani matatu tu.

Kile ambacho mwelekezi hajui

Kijana wa stegi hajui kama leo feri imeharibika. Ameshakuonyesha gari la Likoni, umeshapanda, foleni utaikuta mbele. Labda ungependa kuzungukia Dongo Kundu, lakini hilo si swali ulilomuuliza.

Kerneli iko vivyo hivyo. Jedwali linaonyesha hatua ya kwanza peke yake. Mlango wa Wi-Fi ukiwa wazi na rauta ikiitika, kwa kerneli njia ipo. Alama za Wi-Fi kwenye kioo nazo hupima nguvu ya mawimbi kati ya simu na rauta. Hazisemi lolote kuhusu yanayotokea baada ya rauta.

Rudi kwa mzee wetu. Alinunua Wi-Fi ya saa moja, saa ikaisha akiwa anachagua sabuni. Rauta ya mwenye Wi-Fi haikumfukuza. Simu bado imeunganishwa, anwani bado anayo, jedwali halikubadilika hata mstari. Tofauti ni kwamba sasa rauta inazitupa pakiti zake, au inazigeuza kwenye ukurasa wa "nunua tena". Kerneli inaendelea kuzituma kwa uaminifu kabisa.

Jambo hili halihusu Wi-Fi ya mtaani peke yake. Tarehe 12 Mei 2024 kebo mbili za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilikatika upande wa Afrika Kusini, na intaneti ikadorora Kenya, Tanzania na kwingineko. Siku hiyo ungefungua jedwali la simu yoyote kutoka Vanga hadi Lamu ungelikuta vilevile kama jana yake. Waliobadilisha njia walikuwa watu wa mitandao mikubwa, wenye kebo nyingine za kukimbilia, kama TEAMS inayotoka Mombasa hadi Fujairah. Simu haina habari na hayo yote.

Nani anaandika kwenye jedwali?

Kerneli hutunza jedwali na kulifuata, lakini haijiamulii ni mtandao gani uwe wa kawaida. Hiyo ni kazi ya Android yenyewe iliyoketi juu yake. Zamani mambo yalikuwa rahisi: Wi-Fi ikiingia, data ya simu inazimwa. Tangu Android 5.0 ya mwaka 2014, kila mtandao una jedwali lake, na juu ya majedwali kuna kanuni. Pakiti hutiwa alama ya mtandao wake, kerneli inasoma alama, kisha inajua ifungue jedwali lipi. Ndiyo maana simu inaweza kushika Wi-Fi na data kwa wakati mmoja bila kuchanganya.

Android pia hujaribu kupima kama Wi-Fi inafika intaneti kweli. Inaomba ukurasa mdogo mtupu kutoka kwa seva inayojulikana, ikitarajia jibu lenye nambari 204. Likija hilo, Wi-Fi imepita. Ukija ukurasa wa kuuziwa bando, simu inakuambia uingie kwenye mtandao kwanza. Jibu lisipokuja kabisa, mara nyingi utaona alama ya mshangao kando ya Wi-Fi, na njia ya kawaida inaachiwa data ya simu.

Ni mpango mzuri, ila haupimi kila sekunde. Wi-Fi iliyopita mtihani saa tatu na dakika tano inaweza kufa na dakika sita, na simu ikachelewa kutambua. Malipo ya mzee yalianguka kwenye pengo hilo. Na ukiwa mwenyewe umewahi kubonyeza "endelea kutumia Wi-Fi hii hata bila intaneti", simu itakutii. Sisi tungesema usibonyeze, isipokuwa kwa printa au kamera ya dukani.

Kuhama njia katikati ya malipo

Hapa ndipo watu hulipa mara mbili, kwa hivyo soma polepole.

Programu inapozungumza na seva hufungua muunganisho wa TCP. Muunganisho huo hutambuliwa kwa vitu vinne: anwani yako na nambari ya mlango wako, anwani ya seva na nambari ya mlango wake. Kimoja kikibadilika, si muunganisho ule tena. Ukiwa kwenye Wi-Fi una anwani moja, ukihamia data ya simu unapewa nyingine.

Sasa tuseme ombi la sh 850 limetoka kwa Wi-Fi na kufika kwenye seva. Seva imekata pesa, inaandaa jibu. Sekunde hiyo hiyo mzee anachoka na kiduara, anazima Wi-Fi. Kerneli inafuta mistari ya Wi-Fi, data ya simu inashika usukani. Jibu la seva linarudi kwenye anwani ya zamani, na kule hakuna mtu. Pesa imelipwa, ila programu haikusikia. Kwenye kioo kunatokea "hitilafu ya mtandao, jaribu tena."

Maneno hayo "jaribu tena" yamewagharimu watu. Programu za malipo zilizotengenezwa vizuri hulipa kila ombi nambari yake ya pekee, ili ombi lile lile likitumwa mara ya pili seva iseme, hili nimeshalifanya. Lakini ukitoka, ukaanza upya, ukaandika till na kiasi tena, hilo ni ombi jipya lenye nambari mpya. Seva haina njia ya kujua kwamba ni unga ule ule.

Kwa hivyo mzee afanye nini? Asibonyeze tena. Aangalie kwanza SMS, salio, au taarifa ya akaunti. Kama programu haifunguki, atumie zile nambari za kuanza na nyota na kumalizia na reli. Huduma hiyo ya USSD haitegemei intaneti wala jedwali la njia tulilolieleza. Hupita kwenye mtandao wa simu wenyewe, na inafanya kazi hata bila bando. Salio likiwa limeshuka kwa 850, malipo yametoka, kilichobaki ni muuzaji kusubiri ujumbe wake. Kama halijashuka, asubiri dakika chache aangalie tena kabla ya kuanza upya, kwa sababu ombi linaweza kuwa limechelewa njiani.

Kama Wi-Fi huiamini, izime kabla hujafungua programu, wala si katikati. Hiyo peke yake inaondoa sehemu kubwa ya matatizo.

Na wewe mwenye duka: kioo cha mteja si risiti. Kinachoonyesha "imetumwa" au "imekataa" ni kile programu yake ilichosikia, na tumeona inaweza kukosa kusikia. Fuata ujumbe wako mwenyewe au orodha ya till. Mpe mzee kiti, msiharakishane.

VPN

Neno moja tu kuhusu VPN, kwa sababu vijana wengi wanazo. VPN ikiwashwa huongeza mlango mpya, mara nyingi tun0, na kanuni inayotangulia zile za kawaida. Malipo ya kutoka Waa kwenda seva ya Nairobi yanaweza kwanza kuzuru Ulaya. Yatachelewa, na mifumo ya usalama inaweza kuyatilia shaka kwa kuwa yanaonekana yametoka nchi nyingine. Izime unapolipa.

Ukitaka kuona kwa macho

Simu nyingi haziruhusu kulitazama jedwali, lakini kompyuta yoyote ya Linux, hata ya maabara ya shule, inakubali. Fungua dirisha la amri, andika ip rule uone kanuni. Utakuta tatu za kawaida, zenye namba 0, 32766 na 32767; inayosomwa kwanza ni ya jedwali la local, la anwani za kompyuta yenyewe, kisha main, kisha default. Halafu andika ip route uone mistari ya main. Kwenye Windows ni route print.

Amri tunayoipenda zaidi ni ip route get 203.0.113.10. Badala ya kukuonyesha jedwali lote, kerneli inakujibu ingepitisha wapi pakiti ya anwani hiyo moja, kwa mlango gani na kwa rauta ipi. Ijaribu ukiwa na Wi-Fi, kisha chomoa waya wa intaneti nyuma ya rauta huku Wi-Fi ikiwa bado inawaka, uulize tena. Mara nyingi utapata jibu lile lile, neno kwa neno.

Ukipiga simu huduma kwa wateja kuhusu malipo yaliyokwama, tuambie saa, kiasi, nambari ya till, na kama ulikuwa kwenye Wi-Fi au data wakati huo. PIN usimtajie mtu, hata sisi.